Ganzi Katika Mikono ya Wapishi

Katika majumba mengi ya pwani yetu, tangu Lamu hata Kilwa, yuko mwanamke aamshwaye na mkono wake kabla ya adhana ya alfajiri. Huamka akakuta kidole gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati vimekufa ganzi na kujaa michomo midogo midogo isiyohesabika, na kiganja anakihisi kimevimba, ilhali akiwasha taa haoni uvimbe wowote. Basi huuning'iniza mkono kando ya kitanda, huukung'uta, huusugua kwa mkono wa pili, na baada ya dakika chache ganzi hujiondokea, naye hurudi kulala au huenda moja kwa moja kuwasha moto. Asubuhi ile ile atakuna nazi, atakanda unga, atamenya vitunguu, na jioni, ikiwa mtaani kuna shughuli, ataitwa kusaidia kugeuza pilau. Aulizwapo khabari ya mkono wake husema ni baridi, au damu haitembei, au ni utu uzima umebisha hodi. Majibu haya nimeyasikia mara nyingi, tena kwa watu wenye akili timamu na uzoefu wa maisha, na kila moja humchelewesha mwenye mkono kujua kwamba ndani ya kifundo chake kuna mshipa wa fahamu unaobanwa, na kwamba kubanwa huko kuna sababu zijulikanazo na tiba ijulikanayo.

Mshipa huo matabibu huuita neva ya mediani. Huanzia shingoni, katika uti wa mgongo, hupita kwapani, hushuka na mkono wote upande wa ndani, na ufikapo kifundoni hauna budi kupita katika njia nyembamba ambayo sakafu na kuta zake ni mifupa midogo 8 iliyojipanga kwa umbo la upinde, na dari yake ni utepe mpana, mgumu, usiokubali kuvutika. Mshipa haupiti humo peke yake. Pamoja nao hupita kano 9 zinazokunja vidole, mbili mbili kwa kila kimoja katika vidole vinne na moja kwa kidole gumba, na kila kano imevikwa utando laini unaotoa ute wa kuilainisha iendapo mbele na nyuma. Hali ya mshipa huo ni hali ya abiria mmoja mnyonge katika dau jembamba lenye mabaharia tisa wanaovuta kamba mchana kutwa: mabaharia wakinenepa hata kidogo, abiria ndiye agandamizwaye ubavuni mwa chombo, kwa kuwa chombo chenyewe hakipanuki. Na tando za kano hunenepa kweli, zikitumikishwa kwa nguvu na kwa kurudiarudia bila ya kupewa nafasi ya kutulia.

Njia hiyo imekwisha kupimwa kwa vyombo. Mwaka 1981, huko Marekani, tabibu Richard Gelberman na wenzake walipenyeza mrija mwembamba ndani yake, kwa wagonjwa na kwa watu wazima wa afya, wakapima shinikizo lililomo kwa milimita za zebaki, kipimo kile kile kitumiwacho kupimia shinikizo la damu. Kwa mwenye afya aliyenyoosha kifundo walikuta wastani wa 2.5 tu, kwa mgonjwa walikuta 32, hali mkono umetulia na haufanyi kazi yoyote. Kifundo kilipokunjwa kwa ndani, shinikizo kwa mwenye afya lilipanda hata 31, na kwa mgonjwa likapanda hata 94. Na kilipopindwa kwa nyuma, kwa mgonjwa lilifika 110. Hesabu hizi zastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ni kwenye kadiri ya 30 ndipo damu ipitayo katika mishipa midogo inayoulisha mshipa wa fahamu huanza kuzuilika. Maana yake ni kwamba hata mkono mzima, ukikunjwa sana, hufika kwenye ukingo wa hatari, na usalama wake ni kule kukunjuliwa upesi. Na mkono uliokwisha kuugua hukaa juu ya ukingo huo usiku na mchana.

Mshipa wa fahamu ukinyimwa damu hunyamaza, na kunyamaza huko ndiko ganzi. Damu irudipo, mshipa hupeleka khabari ovyo kwenye ubongo bila ya kuguswa na kitu, na hiyo ndiyo michomo tunayoihisi tukiukung'uta mkono. Usiku hali huzidi kwa kuwa watu wengi hulala na kifundo kimekunjwa chini ya shavu au chini ya mto, na kwa kuwa maji ya mwili, ambayo mchana hushuka miguuni, mtu akilala hujigawa hata mikononi, wala hakuna mwendo wa misuli wa kuyasukuma yatoke. Miezi ya mwanzo mshipa hupatwa na njaa ya damu tu, nao hupona kabisa ukipewa nafasi. Kubanwa kukiendelea, utando wa mafuta unaouzunguka na kuharakisha ujumbe wake huanza kuharibika. Na kukizidi tena, nyuzi zenyewe hufa, na nyama iliyo kwenye shina la kidole gumba, ile inayotuna mtu akikunja ngumi, husinyaa na kuacha bonde. Bibi mmoja aliyepikia harusi za watu maisha yake yote alinionyesha bonde hilo katika mkono wake wa kulia, akasema, "Mwanangu, vidole hivi vimenisusa. Sindano naiona kwa macho tu, mkono haujui kama umeishika."

Wanavyuoni wa tiba wenyewe walichukua muda mrefu kuifahamu mikono ya namna hii. Mtaliana Bernardino Ramazzini, katika kitabu chake juu ya maradhi ya wafanya kazi kilichochapwa Modena mwaka 1700, aliandika kuwa waoka mikate huvimba mikono na kuumwa kwa sababu ya kukanda unga daima. Na ndiye aliyewausia matabibu kwamba, juu ya maswali yote waliyozoea kumwuliza mgonjwa tangu zama za Wayunani, waongeze moja: kazi yako ni nini? Mwaka 1880, James Jackson Putnam wa Boston aliandika khabari za wagonjwa 37, wengi wao wanawake, waliokuwa wakiamshwa usiku na ganzi ya mikono, na wakipata nafuu kwa kuikung'uta au kuining'iniza nje ya kitanda, yaani vile vile afanyavyo mwanamke wa Tanga au wa Malindi hivi leo. Walakini Putnam hakujua mshipa ulibanwa wapi. Mwaka 1913, mjini Paris, Pierre Marie na Charles Foix walimpasua maiti mmoja ambaye nyama za vidole gumba vyake zilikuwa zimesinyaa, wakaona kwa macho yao mshipa umeminywa chini ya utepe wa kifundo, wakatoa rai kwamba utepe ule ukikatwa mapema huenda mkono ukaokoka; rai yao haikusikizwa. Kwa miaka mingi baadaye matabibu walishika kwamba tatizo limo shingoni, na wako wanawake waliokatwa ubavu wa juu karibu na shingo kwa ajili ya ganzi iliyotoka kifundoni. Ni mwaka 1947 tu, Uingereza, ndipo Russell Brain na wenzake wawili walipoeleza khabari za wagonjwa sita waliofunguliwa njia ya kifundo. Na wote sita walikuwa wanawake.

Swali la Ramazzini bado lina kazi kwetu, na hapo ndipo moyo wangu unapoumia. Mwanamke aingiapo katika chumba cha tabibu akaulizwa, "Kazi yako ni nini, mama?" aghalabu hujibu, "Sina kazi, niko nyumbani tu." Jibu hilo huandikwa katika karatasi, na kwa kuandikwa hivyo sababu ya maradhi hupotea mbele ya macho ya watu wawili, ilhali mikono iliyotulia mapajani mwa mgonjwa ndiyo iliyokuna, kukamua, kukanda, kusonga, kumenya na kufua tangu utoto. Mama ntilie wa sokoni angalau atasema anapika. Wa nyumbani hasemi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ile ni kazi ihesabiwayo kwenye mizani ya siha.

Na tuitazame kazi moja tu kwa karibu, kukuna nazi. Mkunaji huketi juu ya mbuzi, chano kikiwa chini ya meno ya chuma, akakishika kifuu kwa viganja, huku vidole vimeking'ang'ania kwa nguvu kwa kuwa ganda ni duara na tui hulitelezesha. Kila mkuno una mambo matatu kwa pamoja: viganja hukandamiza kifuu juu ya chuma, kifundo hupindwa kwa nyuma kisha hulazwa upande, na mkono huzungusha kifuu kidogo ili meno yapate nyama mpya. Kifuu kimoja huhitaji mikuno mingi ya namna hiyo, na wali wa nyumba yenye watu wengi hutaka nazi mbili au tatu. Kisha huja kukamua: chicha hutiwa katika kifumbu, na mikono miwili hukinyonga, mmoja huku na mmoja kule, vidole vikiwa vimefumba kwa nguvu zote na vifundo vimepindwa. Tukirudi kwenye vipimo vya mwaka 1981, twaona kwamba kazi hii hukusanya kila kinachopandisha shinikizo katika njia ile: kano zote tisa zimevutwa, kifundo kimepindwa, na mwendo haukomi.

Kukanda unga wa chapati kuna dhara lake la pekee, kwa sababu mkandaji hulisukuma donge kwa shina la kiganja, na shina la kiganja ndilo dari ya njia yenyewe, kwa hiyo uzito wa mwili hushuka moja kwa moja juu ya mshipa. Kusonga ugali wa watu wengi huleta mshiko mkali wa mwiko na kuzungusha kifundo juu ya uji mzito. Kisu kibutu nacho si jambo dogo. Mtu akatapo mchicha au nyama kwa kisu kibutu hulazimika kuongeza nguvu za mshiko katika kila mkato.

Utafiti uliofanywa katika viwanda vya Marekani na kutangazwa mwaka 1987, juu ya wafanya kazi 652, ulionyesha kuwa katika kazi zisizotaka nguvu wala kurudiarudia, wenye maradhi haya hawakufika hata mtu 1 katika 100, na katika kazi zitakazo nguvu na kurudiarudia kwa pamoja walikuwa kati ya 5 na 6 katika 100. Hata hivyo sharti nisimtwike mbuzi na mwiko lawama zote. Wako waliozaliwa na njia nyembamba. Wako wenye kisukari, au tezi ya shingo iliyolegea kazi yake, au baridi yabisi ya viungo, au unene wa mwili, na kila hali katika hizi huufanya mshipa kuwa mwepesi wa kudhurika. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Mja mzito naye hupatwa kwa sababu ya maji yanayozidi mwilini, na aghalabu hupona mwenyewe baada ya kujifungua. Mara nyingi mambo mawili hukutana, mwili uliokwisha kuwa na udhaifu na kazi isiyompa mtu pumziko, na kwa kuwa mwili hatuwezi kuubadili kwa siku moja, hatuna budi kuanza na kazi.

Kanuni ya kwanza ni kifundo kinyooke. Mkanda unga apate meza au kibao kilicho chini kidogo ya kiko cha mkono, ili asukume kwa mabega na uzito wa mwili hali kifundo kimenyooka, na atumie ngumi iliyofumbwa kwa ulaini badala ya shina la kiganja. Tena asikande sana. Unga wa ngano una namna yake ya kujikanda: ukichanganywa na maji ukafunikwa kwa nusu saa, protini zilizomo hujishika zenyewe na kufanya nyuzi zivutikazo, na donge lililokuwa kaidi huwa laini kwa kukandwa kidogo tu. Wapishi wetu hodari hulijua jambo hili na hulifunika donge kwa kitambaa kibichi. Wenye haraka hulipa kwa vifundo vyao. Nazi nayo ikikunwa kwa mafungu, baina ya kazi nyingine, mikono hupata nafasi ya kutulia. Na chicha ikilowekwa katika maji ya uvuguvugu hutoa tui bila ya kunyongwa kwa nguvu nyingi. Masokoni siku hizi kuna mashine za umeme za kukuna nazi, na sioni fahari yoyote katika kuziacha kwa ajili ya ladha, ikiwa bei ya ladha hiyo ni kidole kisichohisi. Kisu kinolewe. Mpini mwembamba wa mwiko uviringwe kitambaa mpaka ujae mkononi, kwa maana mshiko wa kitu chembamba hutaka vidole vikunjwe zaidi na kuvutwa zaidi. Na kwenye shughuli, ambako wanawake wawili watatu wenye sifa ya kupika huachiwa masufuria yote tangu jioni hata asubuhi, wenye shughuli wapange zamu, mmoja akimaliza kugeuza sufuria moja aende kuchambua mchele, kazi ambayo vidole hufanya bila ya nguvu.

Kwa usiku, dawa iliyo bora kwa mwanzo wa maradhi ni gango, yaani kibao chepesi au bamba lililopindwa kwa kiasi cha mkono na kufungwa kwa kitambaa ili kifundo kisikunjike mtu alalapo. Maduka ya dawa huuza magango yaliyoshonwa tayari. Gango livaliwe kila usiku kwa wiki kadhaa, lisikazwe hata likabana, na vidole viachwe huru. Watu wengi wa maradhi mapya hupata nafuu kwa jambo hili tu. Vidonge vya kutuliza maumivu havisaidii sana mshipa uliobanwa. Na kukandwa kwa nguvu juu ya kifundo, ambako wengi wetu hukimbilia pamoja na mafuta ya moto, ni kuongeza shinikizo mahali ambapo shinikizo ndilo adui. Chale zisipigwe kabisa. Mwenye ganzi asijipime vidole kwa maji ya moto wala asitegemee vidole hivyo kujua joto la sufuria, kwa kuwa nimeona malengelenge makubwa katika ncha za vidole vya wapishi ambao hawakuhisi chochote mpaka ngozi ilipobambuka.

Iko njia ya kupambanua ganzi hii na nyinginezo, na mtu aweza kuanza mwenyewe. Neva ya mediani huhudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete ielekeayo kidole cha kati. Kidole cha mwisho hakimo katika milki yake. Basi aliyesema mkono wote una ganzi na aambiwe avichunguze vidole kimoja kimoja usiku ule ule inapomjia. Kisha aegemeze migongo ya viganja vyake pamoja, vidole vikielekea chini na vifundo vimekunjwa, akae hivyo kwa dakika 1. Ganzi ikija au ikizidi katika vidole vile vitatu na nusu, dalili imeelekea kifundoni. Kipimo hiki kilienezwa katika miaka ya 1950 na George Phalen wa Cleveland, Marekani, nacho matabibu hukitumia mpaka leo, ingawa peke yake hakitoshi kukata shauri. Ganzi ikiwa katika kidole cha mwisho, huenda mshipa mwingine umebanwa kwenye kiko. Na ikiwa pamoja nayo pana baka ngozini lisilohisi, mtu aende hospitali upesi achunguzwe ukoma, maradhi ambayo yangaliko nchini mwetu na yana dawa ya kuyaponya. Ganzi ianziayo nyayoni huelekea kisukari. Na ganzi ya ghafula ya upande mmoja wa mwili, pamoja na mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito, ni kiharusi. Na mkono wa kushoto ukifa ganzi pamoja na kifua kubana na jasho kutoka, huenda ni moyo. Hapo mtu asizungumziwe mbuzi wala unga, apelekwe hospitali saa ile ile.

Gango na kupunguza kazi visipofaa kwa miezi miwili au mitatu, tabibu ana njia nyingine. Aweza kupima kwa umeme mwendo wa ujumbe katika mshipa, aone umechelewa kiasi gani upitapo kifundoni. Aweza kuchoma sindano ya dawa ya jamii ya steroidi pembeni mwa mshipa, ambayo hupunguza unene wa tando za kano, na nafuu yake kwa wengi hudumu majuma au miezi. Na aweza kuukata ule utepe ulio dari ya njia, kama Marie na Foix walivyotoa rai, kazi ambayo hufanywa kwa sindano ya ganzi ya mkono tu, mgonjwa akiwa macho, na aghalabu hurudi nyumbani siku ile ile. Michomo ya usiku huondoka mara nyingi katika siku za mwanzo baada ya kukatwa. Hisia za vidole hurudi polepole zaidi, kwa sababu uzi wa mshipa wa fahamu ukifa hukua tena kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku, na toka kifundoni hata ncha ya kidole ni safari ya miezi. Shina la kiganja hubaki likiuma likikandamizwa kwa majuma mengi, kwa hiyo kukanda na kukuna ndizo kazi za mwisho kurudiwa, na watu wa nyumba sharti walijue hilo kabla ya siku ya kupasuliwa, wakubaliane nani atashika mbuzi na nani atashika mwiko. Kuhusu nyama ya kidole gumba iliyokwisha kusinyaa, hiyo huenda isirudi yote hata utepe ukikatwa kwa ustadi. Kwa hiyo mwanamke aliyeanza kuangusha vikombe, au kushindwa kufunga vifungo vya nguo ya mtoto, asingoje shughuli ya mwezi ujao ipite ndipo aende.